Silabi: mapigo ya neno

Mtajie mtoto wa darasa la pili mjini Butembo neno "mtoto" aliandike daftarini, naye huenda akaandika "mutoto", maana ndivyo anavyolisikia nyumbani na sokoni. Mwalimu anakimbilia kalamu nyekundu. Tumpigishe makofi kwanza. "Mutoto" lina mapigo matatu: mu-to-to. "Mtoto" la kitabuni nalo lina matatu: m-to-to, kwa sababu M ile hutamkwa peke yake, bila irabu. Hesabu ya mtoto ni sahihi. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba katika maandishi ile U haiandikwi.

Kila pigo la namna hiyo ndilo silabi: sauti, moja au zaidi, zinazotamkwa kwa mkupuo mmoja. Walimu waliosomea Kifaransa husema "silabe". Neno ni lile lile la Kigiriki, ila "silabi" limetufikia kwa njia ya Kiingereza na ndilo lililomo katika kamusi za Kiswahili. Mimi nashika "silabi", ili mtoto alikute vilevile kwenye kitabu chochote cha Kiswahili, kiwe kimechapwa Goma au Dar es Salaam.

Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na hapo ndipo Kifaransa kinapotuchanganya. Mwenye mazoea ya Kifaransa atakata Bu-tem-bo na Man-gi-na. Kwa Kiswahili ni Bu-te-mbo na Ma-ngi-na, kwa kuwa M au N iliyo katikati ya maneno kama haya huungana na konsonanti inayofuata. Oicha ni O-i-cha, silabi tatu, na mbili za mwanzo ni irabu tupu. Kanyabayonga lina tano. Darasa likilipiga makofi polepole, hata anayekaa nyuma kabisa anasikia mkazo ukiangukia "yo", silabi ya pili kutoka mwisho.

Mkazo huo huo unatusaidia na "nchi". Huku tunasema "inchi": i-nchi, silabi mbili. Vitabuni ni n-chi, mbili vilevile, na N ndiyo inayobeba mkazo. Asiyejua hilo atadhani neno lina silabi moja.

Sheria ya elimu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Ni jambo jema, lakini darasa la Beni halina lugha moja ya nyumbani. Kuna mtoto wa Kinande, ambacho wanaisimu wanakihesabia irabu 7 za msingi mbele ya 5 za Kiswahili; kuna wa Kimbuba, wa Kilese, wa Kitalinga, na tangu mauaji ya raia yalipoanza vijijini mwaka 2014, familia nyingi zilizokimbia zimeleta watoto wao mjini. Irabu zao hazilingani. Kupiga makofi wanaweza wote tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kujua herufi.

Zoezi linalowachangamsha ni la maneno ya Kifaransa tuliyoyafanya yetu. "Classe" kwa Kifaransa hutamkwa kwa pigo moja. Sisi tunasema "kalasi", ka-la-si, matatu. "Bic" imekuwa bi-ki. Waulize wanafunzi irabu gani zimeongezwa, na zimeingia wapi.