Pete Inayopwaya

Kiswahili kinaipenda pete iliyokaa sawasawa. Watu wawili wasioachana tunawaita chanda na pete, na wahenga wametuachia kwamba chanda chema huvikwa pete, kana kwamba wema wa chanda ndio kipimo chenyewe na sonara hana kazi ya kufanya. Lakini lugha hiyohiyo ina kitenzi cha kupwaya, nacho hatukisikii kwenye harusi. Shati la marehemu humpwaya mwanawe. Viatu vya kaka humpwaya mdogo wake. Pete nayo hupwaya, na mara nyingi kwa sababu hiyohiyo: kuna mtu mwingine aliyeivaa kwanza.

Ninaowaandika hapa ni watu waliokuwa na pete inayopwaya na hawakutaka, au hawakuweza, kuikata.

Dawa ya kawaida inajulikana. Sonara huikata pete kwa nyuma, upande wa kiganja, akatoa kipande, akazivuta ncha mbili zikutane, akatia lehemu, akapiga tupa na kuing'arisha. Kwa saizi za Marekani, namba moja hutofautiana na inayofuata kwa kama milimita 0.8 za kipenyo, yaani kama milimita 2.5 za mzunguko. Kipande kinachotoka ni kifupi kuliko punje ya mchele. Lakini ni dhahabu, na nani hamjui yule bibi anayesimama mbele ya meza ya sonara, macho hayapepesi, akingoja arudishiwe kipande chake kwenye karatasi? Tena kuna pete zisizokubali kisu. Zipo zilizozungushiwa vito pande zote. Zipo zenye maandishi ndani, na herufi mbili tatu zitakwenda na kile kipande. Na hizi za siku hizi za tangsteni huvunjika kabla ya kupinda.

Kidole chenyewe nacho hakitulii. Baridi hukipunguza, joto hukivimbisha. Pete iliyobana mchana inaweza kuzunguka alfajiri. Uzee una hila zaidi: kifundo hukua, shina la kidole hukonda. Ili pete ipite kwenye kifundo lazima iwe kubwa, na ikishapita haina cha kuishika. Ukiikata itoshe shina, haitapita tena. Daktari Mwingereza William Heberden alieleza vinundu vya vidole katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Jina lake limebaki kwenye vile vinavyoota karibu na kucha. Vya kifundo cha katikati, ambavyo ndivyo vinavyoihusu pete, vilipewa jina la Mfaransa, Charles Bouchard. Kwa vidole vya namna hii mafundi waligundua njia nyingine: badala ya kuipunguza pete, unaijaza ndani. Ukiichukulia pete kama uso wa saa, kito kikiwa kwenye 12, sonara huunganisha vitone viwili vya dhahabu kwa ndani, karibu na 4 na 8. Kifundo hupita kwa kusukumwa kidogo, kisha vile vitone hukamata nyama laini na pete haizunguki. Duara la nje halijaguswa.

Wengi wetu kisa cha kwanza cha pete iliyoponyoka tulikisikia madrasa, nacho ni cha kisima cha Aris, Madina. Mtume Muhammad alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa hawasomi barua isiyo na muhuri, akachukua pete ya fedha iliyochongwa maneno kwa mistari mitatu: Muhammad, Mjumbe, wa Mwenyezi Mungu. Baada yake ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman. Katika riwaya iliyomo ndani ya Bukhari, Uthman alikuwa amekaa kwenye kisima, akaitoa pete, akawa anaichezea, ikatumbukia. Ilikuwa karibu na mwaka 650. Walikwenda na kurudi siku tatu, maji yakatekwa yakaisha, pete haikuonekana. Riwaya nyingine inasema iliponyoka mkononi mwa Muaiqib. Kisima kikaja kuitwa kisima cha pete.

Mikono minne, pete moja, na hakuna mikono minne iliyo sawa. Muhuri hautengenezwi upya kila anapokuja mwenye kuurithi, kwa sababu nguvu yake ni kuwa ni uleule. Nami nikiisoma riwaya hiyo macho hunibaki kwenye lile neno la kuichezea. Anayevaa pete inayopwaya anaujua mchezo huo: kidole gumba huenda chenyewe kuisukuma, kuizungusha, kuipandisha hadi kwenye kifundo na kuirudisha. Mara nyingi pete huponyoka mkono ukiwa umepumzika.

Maaskofu wa Ulaya katika enzi za kati walikuwa na shida iliyotokana na mavazi. Askofu alipoongoza ibada alivaa glavu, na pete ya cheo ilikaa juu ya glavu, hivyo ilitengenezwa kubwa. Glavu ikivuliwa, pete inaogelea. Jibu lao lilikuwa jepesi kiasi kwamba mtu anaweza kulipita bila kuliona: pete ya pili, nyembamba na ndogo, ilivaliwa juu ya ile kubwa, kuelekea ncha ya kidole, ikaizuia isitoke. Pete ndogo haikuwa na utukufu wowote. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni. (Papa mwenyewe aliepushwa na haya kwa desturi nyingine: Pete ya Mvuvi hutengenezwa mpya kwa kila Papa, na ya aliyetangulia huharibiwa. Benedict XVI alipojiuzulu mwaka 2013 yake ilikwaruzwa alama ya msalaba isiweze kutumika tena. Pasipo na kurithi hapana kupwaya.)

Wazo la pete mlinzi lilivuka kutoka kanisani hadi chumba cha bibi harusi. Tarehe 8 Septemba 1761 binti wa miaka 17, Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, alifika London mchana na kuolewa usiku uleule na George III, mfalme ambaye hawakuwa wamewahi kuonana. Siku hiyo mfalme alimpa pia pete ya almasi iliyozunguka kidole chote, ya kuvaliwa karibu na pete ya ndoa ili kuilinda. Tunayajua haya kwa sababu Charlotte Papendiek, aliyemhudumia malkia, aliyaandika katika kumbukumbu zake, na alijali kueleza kuwa pete hiyo haikuinuka juu kuliko ile ya ndoa. Mlinzi hakuruhusiwa kumzidi bwana wake. Mwaka huohuo Heberden, yule wa vinundu, aliombwa awe daktari wa malkia huyu, akakataa.

Katika karne ya 19 pete mlinzi ikawa desturi ya kawaida Uingereza, hata kwa watu wasio na almasi. Zilikuwa pete nzito za dhahabu zenye nakshi, zikikaa mbele ya pete ya ndoa. Nyingi zilivaliwa hata na wanawake ambao pete zao hazikupwaya hata chembe, na hapo ndipo ninapoona jambo lenyewe limeanza kusahau lilikotoka, kama vile vifungo vya mkono wa koti ambavyo havifungi kitu.

Sitaki ionekane kuwa kubana ni heri. Elizabeth I alivaa pete yake ya kutawazwa kwa zaidi ya miaka 40, na mapema mwaka 1603, muda mfupi kabla hajafa, ilibidi ikatwe kwa tupa kwa sababu ilikuwa imezama katika nyama. Victoria naye, siku ya kutawazwa kwake tarehe 28 Juni 1838, alilazimishiwa na Askofu Mkuu pete iliyotengenezwa kwa kipimo cha kidole cha mwisho, akaisukuma kwenye kidole cha jirani yake. Kuitoa kulihitaji maji ya barafu na maumivu mengi. Pete inayopwaya angalau humwachia mwenyewe uhuru wa kuivua.

Uhuru huo ulikuwa ndio maana yote ya mapenzi ya shule za Marekani. Pete za darasa zilianzia chuo cha kijeshi cha West Point, kwa wahitimu wa mwaka 1835, na baadaye zikaenea hadi shule za sekondari: pete nzito yenye jina la shule, mwaka wa kuhitimu na jiwe la rangi. Katika miaka ya 1950 kijana aliyekuwa na mchumba wa kudumu alimpa pete hiyo aivae. Kidole cha mvulana wa miaka 17 anayecheza mpira si kidole cha msichana wa miaka 16. Wengine waliitundika shingoni kwa mkufu. Wengine waliizungushia uzi kwa nyuma, na uzi uliopendwa kuliko wote ulikuwa wa manyoya ya sungura wa angora, laini na wenye kuvimba, ukajaza nafasi yote ukatokeza pembeni kama kifaranga. Kusema kweli ulifanya pete ionekane zaidi, na hilo halikumkera mtu.

Kuikata hakukuwa na maana. Pete ilikuwa na jina la shule ya kijana na mwaka wake, na wawili hao wakikorofishana siku ya Ijumaa, Jumatatu ingerudishwa. Uzi unafunguliwa kwa dakika moja. Msichana alivaa kitu ambacho kila aliyekitazama alijua si chake, na kupwaya kwake ndiko kulikotangaza habari.

Uzi huo naujua kwa njia nyingine. Baba yangu alivaa pete ya fedha yenye jiwe la akiki, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Eda ya mama ilipokwisha, baada ya ile miezi minne na siku kumi, aliitoa sandukuni akaivaa kidole cha kati, na hata hapo ilizunguka, jiwe likawa linatazama kiganjani. Alichukua uzi mweupe wa kushonea, akauviringisha nyuma ya pete, mzunguko kando ya mzunguko bila kupandana, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akarudi mara ya pili, akapitisha ncha chini kwa sindano. Halafu akausugua kwa nta ya mshumaa ili usinywe maji. Ulikunywa tu. Kwa mtu anayetawadha mara tano kwa siku na kukanda unga kila jioni, uzi hauishi wiki mbili: huingia weusi, hulegea, mwishowe huanza kunuka. Kila Ijumaa ya pili aliukata kwa wembe, akaisugua pete kwa majivu na ndimu, akaanza upya.

Nilimwambia, "Mama, si umpelekee sonara aipunguze mara moja tukapumzika?"

"Aipunguze," alisema, "halafu itakuwa pete ya nani?"

Mjomba, aliyekuwa amekaa barazani, alidakia kuwa fedha si ghali, atengenezewe nyingine ya saizi yake. Mama alimwambia mjomba anywe chai.

Nikakumbuka jibu hilo niliposoma habari za pete nyingine, yenye thamani nisiyoweza kuilinganisha na ile. Mwaka 1981 Diana Spencer alichagua kwa uchumba wake pete ya Garrard, yakuti ya samawati kutoka Ceylon yenye karati 12, imezungukwa na almasi 14. Haikutengenezwa kwa ajili yake; ilikuwa kwenye katalogi, na wapo walionuna kuwa mke wa mrithi wa ufalme anavaa pete ambayo mtu yeyote mwenye fedha angeweza kuagiza. Diana alikufa Paris tarehe 31 Agosti 1997. Oktoba 2010 mwanawe William aliibeba pete hiyo hadi Kenya, kwenye begi la mgongoni, kwa muda wa wiki tatu kama alivyosimulia mwenyewe, akiogopa kuipoteza kuliko alivyoogopa jibu, na huko akamchumbia Catherine Middleton. Alisema ilikuwa njia yake ya kuhakikisha mama yake hakosi siku hiyo.

Ilimpwaya. Magazeti ya wakati ule yaliripoti kuwa haikupunguzwa kwa kukatwa. Sonara alitia ndani yake vitone vidogo vya platinamu, vile vilevile vinavyotiwa kwenye pete za wazee wenye vifundo vilivyokua. Vitone vya aina hiyo huondolewa kwa tupa kwa muda mfupi. Vikiondolewa, kinachobaki ni duara lilelile alilolivaa Diana.