Giza la Mtakatifu Theresia na Matumaini ya Mgonjwa



Wapendwa katika Kristo, wapo wagonjwa wengi waliolala kitandani kwa muda mrefu ambao wana swali moja wasilopenda kulitamka mbele za watu. Hawaulizi tu kama watapona. Wanauliza: mbona sasa nikisali sionji faraja yoyote? Mbona mbingu, niliyoiamini tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, inaonekana kama hadithi ya kale? Mgonjwa wa namna hiyo hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni maumivu ya mwili. Wa pili ni hofu kwamba amepoteza imani, na kwamba Mungu amemwacha kwa sababu hiyo.

Katika tafakari ya wiki hii ninawaalika tulitazame swali hilo kwa njia ya historia, tukipitia miezi kumi na minane ya mwisho ya Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Sanamu yake tunaifahamu: mtawa kijana, mwenye uso mpole, aliyekumbatia msalaba na maua ya waridi. Maua yale yanapendeza, lakini yanaweza kutuficha jinsi alivyokufa.

Nyumba iliyozoeana na ugonjwa

Theresia Martin alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon, Ufaransa, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watoto tisa. Wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake, Louis, alikuwa fundi saa, na mama yake, Zélie, aliendesha kazi ya kufuma lesi, kazi iliyoupatia mji ule sifa. Zélie alipatwa na saratani ya matiti. Mwezi Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes pamoja na binti zake wakubwa watatu, akaomba kuponywa. Alirudi nyumbani na uvimbe wake uleule, na tarehe 28 Agosti mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka 45. Theresia alikuwa bado hajatimiza miaka mitano.

Baadaye ikawa zamu ya baba. Mzee Louis alipatwa na maradhi yaliyomvuruga akili. Mwezi Februari 1889, miezi kumi tu baada ya Theresia kuingia monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux akiwa na miaka 15, baba yake alipelekwa katika hospitali ya Bon Sauveur mjini Caen, walikotunzwa wagonjwa wa akili. Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Watu walinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa kwa sababu binti zake wamemwacha na kukimbilia utawani. Alifariki mwezi Julai 1894.

Ndugu zangu, tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu, mke na mume kwa pamoja. Mama aliyesali Lourdes na asipone, na baba aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili! Mama Kanisa hakuhesabu kutopona kwao kuwa ni dalili ya imani haba. Jambo hili tulikumbuke kila tunaposikia mgonjwa akiambiwa kwamba angepona kama angeamini zaidi.

Usiku wa Alhamisi Kuu

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili 1896, Theresia alikuwa ameshazima taa na kulala, mara akahisi kitu kikimpanda kooni hadi mdomoni. Hakuwasha taa ili atazame. Alisubiri mpaka asubuhi. Kulipokucha akaona kwamba ilikuwa damu. Kifua kikuu kilikuwa kimejitambulisha.

Hisia yake ya kwanza ilikuwa furaha. Aliipokea ile damu kama hodi ya Bwana-arusi anayekuja kumchukua, akaomba aendelee na mfungo wa Ijumaa Kuu kama watawa wenzake. Wengi wetu, tukisoma habari za watakatifu, tungependa hadithi iishie hapo: mgonjwa anafurahi, anasali, anakwenda mbinguni.

Lakini haikuishia hapo. Katika siku zilezile za Pasaka furaha ile ilizimika. Theresia aliingia katika giza ambalo halikumwacha hadi kifo chake. Si kwamba alichoka kidogo au alipungukiwa na ladha ya sala. Ni wazo lenyewe la mbingu, lililokuwa faraja yake tangu utoto, lililogeuka kuwa vita. Alieleza kwamba kila alipotaka kuupumzisha moyo wake kwa kuifikiria nchi ile ya nuru, ilikuwa kana kwamba sauti inamdhihaki na kumwambia kuwa mbele yake hakuna kitu isipokuwa usiku mzito zaidi. Aliyaandika haya mwezi Juni 1897 katika daftari alilomwandikia Mama Mkuu wake, na kurasa za mwisho aliziandika kwa penseli, kwa kuwa nguvu za kushika kalamu ya wino zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo hakuandika yote, kwa kuogopa asije akakufuru.

Alifanya nini gizani?

Hapa ndipo penye fundisho letu. Theresia hakungoja hisia zirudi ndipo aamini. Alifanya yale ambayo mtu mwenye imani hufanya.

Kwanza, aliandika sala ya Nasadiki kwa damu yake mwenyewe na kuibeba karibu na moyo wake, iwe jibu lake kila alipovamiwa na mashaka. Alitunga pia mashairi kuhusu furaha ya mbinguni, na alikiri kwamba katika kuyatunga hakuwa akiionja furaha hiyo. Aliimba tu kile alichotaka kukiamini. Huo si unafiki. Mnafiki husema asichokitaka. Theresia alisema alichokitaka kwa moyo wote, ingawa hakukihisi.

Pili, aliwakumbuka wengine. Alikubali kuketi katika meza moja na wale wasioamini, akala mkate wa uchungu pamoja nao, na kuwaombea kama ndugu zake. Giza lake likawa mahali pa kukutana na watu ambao hapo awali hata hakuweza kuelewa jinsi wanavyokosa imani.

Tatu, aligeuza mambo madogo kuwa sala. Alipoagizwa kutembea kidogo bustanini kwa ajili ya afya yake, na kila hatua ikawa mateso, alieleza kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka huko mbali. Wawili kati ya wamisionari wakati ule alikuwa akiwaandikia barua kama dada yao wa kiroho. Mmoja wao, Maurice Bellière, aliondoka Ufaransa kwa meli tarehe 29 Septemba 1897 kwenda Algiers kujiunga na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Theresia alifariki kesho yake. Padre Bellière alikuja kufanya utume Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi, kisha akarudi Ufaransa akiwa mgonjwa. Alifariki mwaka 1907 katika hospitali ileile ya Bon Sauveur alikokuwa amelazwa mzee Louis Martin. Barua za mgonjwa wa Lisieux zilisafiri pamoja na watu waliokuwa na misalaba yao.

Siku 42 bila Komunyo

Tarehe 8 Julai 1897 Theresia alihamishiwa katika chumba cha wagonjwa cha monasteri. Tarehe 30 Julai alipewa Mpako Mtakatifu. Mwezi Agosti daktari Francis La Néele, mume wa binamu yake, alithibitisha kwamba kifua kikuu kimefika hatua ya mwisho. Pafu moja lilikuwa limeharibika kabisa na la pili lilikuwa limeshambuliwa. Tarehe 19 Agosti alipokea Komunyo kwa mara ya mwisho, akaitolea kwa ajili ya padre mmoja Mkarmeli aliyekuwa amelihama Kanisa. Tangu siku hiyo, kwa udhaifu na kutapika, hakuweza tena kuipokea. Alifariki jioni ya tarehe 30 Septemba. Hesabuni wenyewe: siku 42. Yule ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwaka 1997 kuwa Mwalimu wa Kanisa alimaliza safari yake bila faraja ya hisia na bila kupokea Ekaristi kwa wiki sita. Ninawataja hapa wagonjwa wetu wa nyumbani wanaolia Jumapili kengele inapogonga nao hawawezi kuinuka. Bwana anajua njia ya kuja hadi kitandani penu.

Maumivu na dawa

Tusiyapambe mateso yake. Alikosa pumzi, matumbo yake yalishambuliwa, na hakuchomwa sindano za mofini ambazo tayari zilikuwa zikitumika wakati ule. Siku moja ya Septemba aliwaonya masista wasiweke dawa zenye sumu karibu na mgonjwa mwenye maumivu makali, akakiri kwamba bila imani yeye mwenyewe angekatisha maisha yake. Maneno hayo yametoka kinywani mwa mtakatifu! Basi mgonjwa wetu akitamka kwamba amechoka kuishi, tusimkemee wala tusimhukumu. Tuketi karibu naye, tusimwache peke yake, na tuwaite daktari na padre.

Wala mtu asidhani kwamba Kanisa linamtaka avumilie maumivu yanayoweza kutulizwa. Papa Pius XII alifundisha waziwazi mwaka 1957 kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa za kutuliza maumivu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayahesabu matunzo hayo kuwa tendo la upendo. Vivyo hivyo kuhusu tiba. Robert Koch alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, lakini dawa ya kwanza yenye nguvu ya kukiua, streptomisini, ilipatikana katika miaka ya 1940. Theresia hakuwa na dawa, sisi tunazo. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa muda wa miezi sita, na katika vituo vya serikali nchini Tanzania dawa zake hutolewa bila malipo. Hata hivyo ugonjwa huu bado unaua zaidi ya watu milioni moja duniani kila mwaka. Ndugu yangu unayekohoa kwa wiki mbili na zaidi, nenda kapime. Kwenda hospitali si kupungukiwa na matumaini. Ni sehemu ya matumaini.

Tujifunze nini?

Mtume Paulo anawafundisha Warumi, katika sura ya 8, kwamba mtu hakitumainii kile anachokwisha kukiona. Kumbe basi giza si kinyume cha matumaini. Ndimo matumaini yanamofanya kazi. Kinyume cha matumaini ni kuuachilia mkono wa Mungu, na mtu anaweza kuushika mkono asiouona. Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na kumalizika gizani, bila neno la ushindi mwishoni. Kanisa halikuiona aibu zaburi hiyo. Limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa. Naye Bwana wetu, pale msalabani, aliomba kwa maneno ya mtu aliyeachwa, lakini bado alimwita Mungu kuwa Mungu wake.

Ewe mgonjwa unayesoma au unayesomewa maneno haya, usiipime imani yako kwa kile unachokihisi usiku wa manane. Ukiwa na nguvu za kusema jina la Yesu tu, limetosha. Ukishindwa hata hilo, mwambie aliye karibu nawe asali Nasadiki kwa niaba yako, maana tunaamini pamoja.

Nanyi mnaouguza, msingoje mgonjwa awe anakata roho ndipo mmwite padre. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wale tu walio katika dakika za mwisho, na Papa Paulo VI aliirekebisha ibada yake mwaka 1972. Bado katika nyumba nyingi padre akionekana mlangoni watu huanza kulia, wakidhani amekuja na kifo. Sivyo. Anakuja na nguvu ya Kristo kwa ajili ya anayeishi. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinapomtembelea mgonjwa, zipunguze mahubiri marefu. Zisali kwa ufupi, zimfulie nguo, zimletee uji, na zimsikilize hata akisema kwamba haoni nuru.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, tarehe 30 Septemba 1898, masimulizi ya maisha ya Theresia yalichapwa katika nakala 2,000. Leo yanasomwa duniani kote, na kurasa zile za penseli zilizoandikwa gizani zimekuwa taa kwa wagonjwa wengi. Yeye mwenyewe hakuiona taa hiyo alipokuwa akiandika. Aliendelea kuandika tu.

Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, Watakatifu Zélie na Louis, mtuombee sisi na wagonjwa wetu wote.

Nawatakieni wiki yenye baraka.