Helen Keller katika Darasa la Insha

Vuli ya mwaka 1900, Helen Keller aliingia Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa jirani na Harvard huko Massachusetts, Marekani. Alikuwa na miaka 20, na tangu akiwa na miezi 19 alikuwa haoni wala hasikii. Mtihani wa kuingia chuo alikuwa ameushinda kama wenzake.

Darasani, mzigo ulimwangukia mwalimu wake, Anne Sullivan. Aliketi ubavuni pake, na maneno ya profesa akayaandika kwa vidole kiganjani mwa Helen, herufi baada ya herufi, mbiombio. Helen hakuweza kunukuu chochote, kwa maana mikono yake ndiyo ilikuwa ikisikiliza. Ilibidi asubiri afike nyumbani, aandike aliyoyakumbuka. Vitabu vya masomo vilivyochapwa kwa nukta nundu vilikuwa vichache, hivyo Sullivan alivisoma na kumwandikia kiganjani, naye macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni.

Lakini somo la uandishi wa Kiingereza lilikuwa na kidonda cha zamani. Alipokuwa na miaka 11, Helen alitunga hadithi akampelekea mkuu wa Taasisi ya Perkins, shule ya wasioona ya Boston, iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mkuu huyo. Ikabainika kuwa imefanana mno na hadithi ya Margaret Canby, ambayo yaelekea aliwahi kusomewa akasahau. Mtoto yule aliwekwa mbele ya jopo la walimu na maofisa akahojiwa, Sullivan akiwa ametolewa nje. Kwa miaka mingi baadaye aliogopa kwamba anachoandika si chake.

Mwalimu wa insha pale Radcliffe, Charles Townsend Copeland, hakumlegezea kamba. Alimhimiza aachane na ya vitabuni, aandike maisha yake mwenyewe. Kwangu mimi, huo ndio ulikuwa ufundishaji hasa. Mengine yalikuwa kumfikishia maneno. Insha hizo ndizo zilizozaa The Story of My Life, iliyotoka jaridani mwaka 1902 na kuwa kitabu mwaka 1903, mwandishi akiwa bado mwanafunzi.

Mwaka 1904 alihitimu kwa heshima, kiziwi-asiyeona wa kwanza kupata shahada ya kwanza. Sullivan, aliyehudhuria mihadhara ile ile kwa miaka minne, hakupewa hata cheti.