Diski za Desemba 1989

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilipovamiwa na programu ya kudai fidia mwaka jana, fundi alisema ifutwe yote na kuwekewa mfumo upya. Mama alikubali. Mimi nilikataa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu nyanya akisimulia ngano, niliyoirekodi kwa kazi ya fasihi simulizi. Nilikuwa pia nimesoma habari za watu waliokubali kufuta upesi mno.

Desemba 1989, diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London. Walizipokea wasomaji wa jarida moja la kompyuta na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Diski ilikuwa na maswali ya kumpimia mtu hatari yake ya kuambukizwa. Pia ilihesabu kimyakimya kila mara kompyuta ilipowashwa. Ilipofika mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa, faili zenyewe zikafichwa, na skrini ikadai dola 189 zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama.

Waliokumbwa waliingiwa na hofu, na wapo waliofuta diski zao papo hapo. Imeandikwa kwamba shirika moja la UKIMWI nchini Italia lilipoteza kazi ya miaka kumi kwa njia hiyo. Kumbe yaliyomo kwenye faili hayakuguswa! Ni majina tu yaliyobadilishwa, na ufunguo wa kuyarudisha ulikuwa ndani ya programu hiyohiyo. Mwingereza Jim Bates aliichambua hatua kwa hatua, kisha akatoa bure programu mbili: moja ya kuiondoa, nyingine ya kurudisha majina. Kwa maoni yangu, Bates anastahili kukumbukwa kuliko mshtakiwa, ingawa vitabu hufanya kinyume.

Mshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani hapa Kenya. Alitiliwa shaka kwenye uwanja wa ndege wa Amsterdam akirudi kutoka semina ya UKIMWI jijini Nairobi. Alikamatwa Marekani na kupelekwa Uingereza, lakini mwaka 1991 mahakama iliamua kwamba hali yake ya akili haikumruhusu kujibu mashtaka.

Kosa la Popp la kuacha ufunguo ndani ya programu halikudumu. Mwaka 1996 Adam Young na Moti Yung walionyesha kwamba mshambulizi anaweza kutumia funguo mbili: wa kufungia auache kwenye kompyuta, wa kufungulia abaki nao mwenyewe. Programu iliyotuvamia ilifanya hivyo, tena ilifunga yaliyomo, si majina tu. Bates asingetufaa.

Hata hivyo, funguo hupatikana baadaye. Mei 2016 waliotengeneza TeslaCrypt walitoa ufunguo wao mkuu hadharani, na waliokuwa wametunza faili zilizofungwa wakazifungua.

Kwa hiyo nilimwomba fundi atoe diski yetu bila kuifuta, aweke nyingine mpya na mfumo mpya. Nywila za barua pepe na za benki tulizibadilisha kwa simu, si kwa kompyuta ile. Diski ya zamani imo kabatini mwa mama, imefungwa kwa kitambaa. Kila baada ya miezi kadhaa naangalia kama ufunguo wake umetoka. Bado.