Majengo, Shule ya Maabara Isiyo na Kibao

Mwaka 1987 kundi la watafiti lilichapisha takwimu kutoka Nairobi ambazo hakuna aliyekuwa amepanga kuzikusanya. Walirudi kwenye friji za maabara, wakatoa seramu iliyogandishwa ya wanawake waliouza ngono jijini, iliyochukuliwa miaka ya nyuma kwa ajili ya uchunguzi wa magonjwa mengine ya zinaa, wakaipima upya kwa kipimo kipya cha virusi vya UKIMWI. Katika sampuli za 1981, asilimia 4 zilikuwa na kingamwili za virusi hivyo. Katika zile za 1985, asilimia 61.

Takwimu hizo zimenukuliwa mara nyingi. Kazi iliyoziwezesha haijanukuliwa popote: mtu fulani wa maabara aliandika namba kwenye kila kichupa, akakipanga mahali pake, na asikimwage hata baada ya kipimo kilichokusudiwa kukamilika. Kitabu cha sampuli kingekuwa na kasoro, au umeme ungekatika wikendi moja pasipo mtu wa kuhamisha vichupa, Nairobi isingejua kamwe jinsi gonjwa hilo lilivyoingia.

Historia ya fani ya maabara nchini Kenya huelezwa kuanzia mlimani, ziliko Hospitali ya Kenyatta na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini sehemu kubwa ya yale ambayo fani hiyo ilijifunza, ilijifunza ng'ambo ya pili ya jiji, Majengo ya Pumwani.

Majengo yenyewe yana undugu wa zamani na hofu ya magonjwa. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu hivi tauni ilipozuka mwaka 1902, na serikali ikachoma soko la Wahindi. Mwaka 1913 aliletwa mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, naye akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, eti kwa ajili ya usafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ikapimwa kuwa makazi rasmi ya Waafrika, mashariki ya mto, mbali na pua za wakubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ya kale, makazi mengine ya Waafrika, ikabomolewa, na wenye nyumba wake wakapelekwa Shauri Moyo. Kwa hiyo elimu ya vijidudu ilifika Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, kwanza ikiwa hoja ya kuwatenga watu, na ilichukua muda mrefu kabla ya kufika ikiwa tiba.

Nyumba za Pumwani zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili: kuta za udongo, paa la bati au madebe yaliyobanjuliwa, ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mwenye nyumba aliishi chumba kimoja, akapangisha vilivyosalia. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, na Janet Bujra, na baada yake Luise White katika kitabu chake cha 1990, The Comforts of Home, walionyesha mtaji wao ulitoka wapi. Jiji lilitaka vibarua wanaume wasio na wake. Wanawake wakauza chakula, pombe, maji ya kuoga, malazi na miili yao, kisha wakanunua mabati. Tangu miaka ya 1930 walikuwamo pia Wahaya waliotoka Bukoba, upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Nusu karne baadaye, watafiti walipoingia Majengo na mirija yao, waliikuta biashara yenye desturi zake, wazee wake na njia zake za kupashana habari.

Mlimani nako mambo yalikwenda polepole. Chuo cha kufunza wahudumu wa afya, ambacho leo ni KMTC, kilianza mwaka 1927, na kwa miaka mingi Mwafrika aliyegusa darubini aliigusa akiwa msaidizi. Alipaka damu kwenye kioo, akaitia rangi, akahesabu vimelea vya malaria, na jina lililotiwa sahihi chini ya ripoti likawa la mtu mwingine. Aliyetaka udaktari alipanda treni hadi Makerere. Nairobi ilipata shule yake ya udaktari mwaka 1967, ikiwa bado chuo kishiriki, na pamoja nayo zikaja idara zilizohitaji maabara za kweli na watu wa kuziendesha.

Kilichofungua mlango ni kidonda.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kliniki ya jiji ya magonjwa ya zinaa ilijaa wanaume wenye pangusa, kidonda laini cha sehemu za siri. Herbert Nsanze wa Idara ya Mikrobiolojia ya Kitabibu alimhitaji mtu aliyewahi kukikuza kijidudu chake, naye akampata Allan Ronald wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, ambaye mji wake wa Winnipeg ulikuwa umekumbwa na mlipuko wa pangusa katikati ya muongo huohuo. Ushirikiano wa Nairobi na Manitoba ukaanza mwaka 1980. Mwaka uliofuata akaja daktari kijana, Frank Plummer, ambaye hatimaye aliishi Nairobi takriban miaka 17.

Kijidudu cha pangusa, Haemophilus ducreyi, kina madeko. Hakioti kwenye chakula cha kawaida cha maabara. Kinataka damu iliyopashwa moto hadi ikapata rangi ya chokoleti, unyevu mwingi, hewa yenye kaboni dayoksaidi, na joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Hata kikikubali kuota, makoloni yake ni madogo, ya kijivu, na ukiyasukuma kwa ncha ya waya yanateleza mazima juu ya sahani. Mwanafunzi aliyewahi kuuona mtelezo huo hausahau. Mwaka 1984 Nsanze na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha aina za vyakula vya kukuzia kijidudu hicho, na kwa mtu wa maabara hilo ni jambo la kujivunia kuliko ugunduzi wenye makelele: mapishi yaliyofanyiwa majaribio Nairobi, kwa vidonda vya Nairobi, yakafuatwa na wengine.

Wanaume wale walipoulizwa maambukizi walikoyapata, wengi walitaja Majengo. Timu ikashuka.

Hapo ndipo linapoingia jina ambalo wanaosimulia habari za maabara hulipitia haraka, kwa sababu mwenyewe alikuwa muuguzi. Elizabeth Ngugi, aliyefundisha afya ya jamii chuoni, aliitisha baraza. Aliketi na wanawake, akawaachia wachague viongozi wao, akawaeleza kinachotafutwa na watakachopata: matibabu, ushauri, kondomu. Kufikia 1985 mamia walikuwa wamejiandikisha. Hakuna mashine inayoweza kumrudisha mtu kliniki mwaka baada ya mwaka kuja kutolewa damu, lakini Ngugi aliweza. Makala aliyoongoza katika The Lancet mwaka 1988 ilionyesha kuwa elimu na kondomu zilipunguza maambukizi miongoni mwa wanawake hao, wakati ambapo wengi ulimwenguni walidhani kazi hiyo haifai hata kujaribiwa.

Majibu ya mwanzo yalikuwa mazito. Makala ya 1986 katika New England Journal of Medicine ilisema asilimia 66 ya wanawake wa tabaka la chini waliopimwa walikuwa na kingamwili za virusi, asilimia 31 ya wenzao waliohudumia wateja wenye pesa, na asilimia 2 ya wahudumu wa afya. Miaka mitatu baadaye, kwa kuwafuatilia wanaume wa kliniki ya jiji, timu hiyohiyo ikaonyesha kwamba mwanamume asiyetahiriwa na mwenye kidonda alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Pangusa ya 1980 ikawa imejibu swali ambalo halikuwa limeulizwa ilipoanza kuchunguzwa.

Kazi yenyewe ya kila siku ilikuwa hivi. Damu inatolewa kliniki Majengo asubuhi, inaingia kwenye mirija yenye dawa ya kuzuia isigande, mirija inapigwa lebo mbele ya mwenye damu. Inasafirishwa ng'ambo ya jiji hadi maabara ya chuo, kupitia msongamano ambao mkazi yeyote wa Jogoo Road anaujua, na chembe hai hazisubiri foleni. Kule inamiminwa taratibu, mkono ukiwa umetulia, juu ya kimiminika kizito kilichotangulizwa mrijani. Ikimwagwa kwa pupa vinachanganyika na kazi imeharibika. Mashine inazungusha. Chembe nyekundu zinazama chini, maji ya damu yanabaki juu, na katikati unajitokeza mkanda mwembamba wenye ukungu: chembe nyeupe. Mtaalamu anaufyonza mkanda huo kwa pipeti, anaosha chembe, anazitia rangi ya buluu ambayo huingia ndani ya zilizokufa pekee, anahesabu zilizo hai, kisha anazigandisha kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija unaofuata. Vijana wengi wa Nairobi walijifunza kazi hiyo kwa damu ya Majengo, na shahada nyingi za uzamili na uzamivu, za Nairobi na za Winnipeg, zimetoka humo.

Katika kuhesabu na kurudia kuhesabu ndiko kulikozuka lile lililoushangaza ulimwengu. Baadhi ya wanawake hawakuambukizwa. Ripoti ya 1996 iliwahusu wanawake 424 walioandikishwa kati ya 1985 na 1994 wakiwa hawana virusi. 239 waliambukizwa, lakini kadiri mwanamke alivyodumu muda mrefu bila maambukizi ndivyo uwezekano wake wa kuambukizwa ulivyopungua. Lingekuwa suala la bahati tu, uwezekano huo ungebaki palepale. Chembe zao nyeupe zilipochunguzwa pamoja na Sarah Rowland-Jones wa Oxford, zilionekana kuwa zimeshawahi kuvitambua virusi. Kisha mwaka 2001 likaja fumbo jingine: baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, hasa waliokuwa wamepunguza kazi au kupumzika.

Oxford na Nairobi zikaamua kutengeneza chanjo kwa kufuata nyayo za chembe hizo. Ukazuka mgogoro: mwaka 2000 ilibainika kwamba hataza ilikuwa imeombwa Uingereza bila majina ya Wakenya. Job Bwayo na Omu Anzala, waliokuwa wameanzisha KAVI, kituo cha majaribio ya chanjo ya UKIMWI, walilalamika hadharani mpaka makubaliano yakafanywa upya. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001. Mwaka 2004 ikatangazwa kuwa chanjo haikuamsha kinga ya kutosha. Bwayo aliuawa na majambazi Februari 2007. Plummer alifariki Nairobi Februari 2020, alipokuwa amekuja kusherehekea miaka 40 ya ushirikiano.

Wakenya wa chuoni walidai sehemu yao katika hataza, na walikuwa na haki. Wanawake wa Majengo hawakuwamo katika hati yoyote kati ya hizo. Walipata matibabu ya magonjwa ya zinaa tangu mwanzo, na dawa za kupunguza makali ya virusi katikati ya miaka ya 2000. Kwa wengi wa wale wa 1985, dawa hizo zilikuja wakiwa wamekwisha kuzikwa. Ni deni ambalo vitabu vya kozi havilitaji.

Kozi zenyewe zimeongezeka. Sheria ya 1999 iliunda bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB, inayoidhinisha vyuo, kusajili wahitimu na kutoa leseni kwa watu na kwa maabara, na vyuo vikuu vya umma na vya binafsi sasa vina shahada ya sayansi ya maabara ya kitabibu. Mwanafunzi anayetoka Umoja au Dandora husoma biokemia, damu, vimelea, kinga na jenetiki, huenda mafunzo ya hospitalini, na hufunzwa kwamba sampuli haiwezi kuvuka mpaka bila idhini ya mwenye damu na mkataba wa maandishi. Mzazi anayelipa karo anatakiwa kuuliza mapema kama kozi inatambuliwa na bodi. Shahada yenye jina tamu la biomedika isiyotambuliwa haimpi mtoto leseni ya kumpima mgonjwa hata malaria.

Na anayepata leseni huenda akaitumia karibu na nyumbani. Barabara za Kayole zimejaa vyumba vyenye kibao cha maabara, mara nyingi ubavuni mwa duka la dawa, na kipimo kinachouzwa sana humo ni kile cha homa ya matumbo cha kuchanganya tone la seramu na tone la vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi kwenye kigae cheupe. Darasani mwanafunzi ameshaambiwa kuwa kipimo hicho hudanganya. Mteja anakitaka, mwenye duka anakitaka, na shilingi za siku zinategemea hicho.

Ajira zilizolipa vizuri zaidi zilikuwa kwenye miradi ya utafiti na ya virusi vya UKIMWI, nyingi zikitegemea fedha za nje. Januari 2025 serikali ya Marekani iliamuru miradi inayoifadhili isimame. Kliniki za wanaouza ngono zikafungwa au zikapunguza huduma sehemu nyingi za Kenya, na watu wa maabara wakawa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani. Baadaye mwaka huohuo vyuo vilipokea wanafunzi wapya wa sayansi ya maabara, kama kawaida.