Soko la nyumba Nuu: Hati ya ardhi ndiyo msingi

NUU ni kituo cha biashara katika eneobunge la Mwingi ya Kati, Kaunti ya Kitui. Kama ilivyo katika vituo vingine vya Ukambani, mwenyeji kwa kawaida hapangi wala hanunui nyumba, bali hujenga katika ng'undu, yaani shamba alilorithi kwa wazee wake. Wanaotafuta vyumba vya kukodi ni walimu, wauguzi, polisi na watumishi wa kaunti waliotoka kwingine, pamoja na wafanyabiashara. Soko hilo ni dogo, lakini anayejenga vyumba vya kupangisha huenda amezika humo akiba yake yote. Kinachoilinda akiba hiyo ni hati ya ardhi, wala si uimara wa matofali.

Kiwanja cha sokoni

Kabla ya 2013 viwanja vya masoko vilisimamiwa na mabaraza ya serikali za mitaa. Mwombaji alipewa barua ya ugawaji na kutozwa ada ya kila mwaka. Jukumu hilo sasa ni la serikali ya kaunti. Viwanja vingi vya aina hiyo nchini havina hatimiliki, navyo hubadilisha mikono kwa barua na stakabadhi za malipo tu.

Hapo ndipo penye hatari. Mnamo Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu iliamua kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki unaoweza kuuzwa. Kwa hivyo mnunuzi hana budi kuhakikisha kwanza kwamba jina la muuzaji limo katika rejista ya kaunti, kwamba nambari ya kiwanja inalingana na ramani, na kwamba ada hazina malimbikizi. Ni busara kubakiza sehemu ya malipo hadi uhamisho uandikwe rasmi.

Shamba kando ya soko

Kituo kinapopanuka, wenye mashamba ya karibu hukata vipande na kuviuza. Ardhi ya kilimo iliyo nje ya mji au soko hutawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302. Maombi ya kibali cha bodi ya ardhi lazima yawasilishwe katika muda wa miezi sita tangu mapatano yafanywe. Kibali kisipopatikana, mauzo hayo ni batili na sheria humruhusu mnunuzi kudai arejeshewe fedha alizolipa. Kuwepo kwa chifu na wazee wakati wa kutia sahihi hakuchukui nafasi ya kibali hicho.

Pana mtego mwingine: shamba ambalo lingali katika jina la babu aliyefariki. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mali. Mwana mmoja hawezi kuuza kwa niaba ya ndugu zake. Ikiwa ardhi ni mali ya ndoa, idhini ya mke au mume wa muuzaji pia inahitajika.

Haki za mpangaji

Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi inalindwa na Sura ya 296. Mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza mpangaji pasipo amri ya jopo la kodi. Duka au hoteli iliyokodishwa bila mkataba wa maandishi huwa chini ya Sura ya 301. Notisi ya kuongeza kodi au kumwondoa mpangaji huyo sharti iandikwe na kutolewa angaa miezi miwili kabla, naye aweza kuipinga mbele ya jopo.

Zaidi ya kodi, mpangaji hutazama maji. Katika eneo hili kame, lenye mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, nyumba yenye mifereji ya mabati na tangi humpunguzia gharama ya kununua maji wakati wa kiangazi.

Matumaini ya makaa

Bei ya ardhi huweza pia kupanda kwa uvumi. Katika bonde jirani la Mui, serikali ilitia sahihi mkataba wa makaa ya mawe na kampuni ya Fenxi ya China mwishoni mwa 2013. Katika miaka kumi iliyofuata hakuna mgodi uliofunguliwa, huku familia zikisita kujenga kwa kutojua zingehamishwa lini na kulipwa fidia gani.

Anayenunua ardhi Nuu na alinganishe bei na kodi anayoweza kupata leo, wala si na mradi uliotangazwa. Kisha afanye utafutaji rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi au ya kaunti, apate kibali panapohitajika, na ndipo achimbe msingi.