Njia ya Miguu Hadi Ujiji: Juu ya Magofu Yasiyo ya Mawe

Neno gofu, kwa mazoea ya wasemaji wa Kiswahili, ni nyumba iliyobaki kuta baada ya wenyewe kuihama au kufa. Kwa hiyo mtu atajapo magofu, fikira za msikilizaji huenda moja kwa moja kwenye mawe na chokaa: msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, makaburi ya nguzo ya Kaole, kuta za Gedi zilizozungukwa na msitu. Mazoea haya ya lugha yamezaa mazoea ya fikira, nayo ni kudhani kwamba pasiposimama jiwe juu ya jiwe hapana mambo ya kale. Kusudi la makala haya ni kuipima dhana hiyo kwa mfano wa Ujiji na njia ya misafara iliyokwenda huko kutoka pwani. Tutaonyesha kwamba magofu ya njia ile yapo, ila si ya mawe, na kwamba sehemu yake iliyo kubwa imo katika lugha yenyewe tuitumiayo kila siku.

Kabla ya kufika Ujiji, yafaa kutazama nchi ya mbali ambayo sifa ya magofu yake imeenea duniani, nchi ya Wamaya katika Amerika ya Kati. Mwaka 1839 Mmarekani John Lloyd Stephens na rafiki yake mchoraji, Mwingereza Frederick Catherwood, walisafiri kwa nyumbu na kwa miguu katika misitu ya Honduras, Guatemala na Mexico. Walifika Copán mwaka ule ule, na Palenque mwaka 1840. Kitabu cha Stephens kikatoka mwaka 1841, na tangu hapo wasafiri hawakukoma kuingia msituni kuyatafuta mapiramidi. Lakini mawe yale yaliwapumbaza watazamaji kwa muda mrefu. Waliona mahekalu na majumba ya wafalme, wala hawakuona nyumba za wakulima, kwa kuwa hizo zilijengwa kwa miti, udongo na makuti, nazo zimeoza zote isipokuwa misingi. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba kwa kupiga miali ya leza kutoka katika ndege, juu ya msitu wa Petén huko Guatemala, wamegundua majengo zaidi ya 60,000 yaliyokuwa yamefunikwa na miti, mengi yao misingi ya nyumba za watu wa kawaida. Tena Wamaya wenyewe hawakutoweka. Mamilioni yao wangali wakisema lugha zao hata leo. Fundisho ni kwamba hata penye mawe mengi, mawe husimulia habari za wachache tu.

Sasa turudi kwetu. Njia ya kati, iliyotoka Bagamoyo na vijiji vya jirani yake ikapita Ugogo na Unyanyembe mpaka Ujiji, ni ndefu mno. Reli iliyokuja kushika nafasi yake ina urefu wa kilometa 1,250 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Na njia ya miguu, kwa kupinda kwake kufuata maji na chakula, haikuwa fupi kuliko hiyo. Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, wakaliona ziwa mwezi wa Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akakuta vita vya Mirambo vimeifunga njia mbele ya Tabora, akazunguka kusini, akamfikia Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba. Majina ya hawa yanajulikana na kila mwanafunzi.

Lakini njia haikufanywa nao, bali waliikuta imekwisha fanywa. Walioifanya ni wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma kwa wingi, pamoja na watu wa Mrima na waungwana wa Unguja. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mmoja katika watu wa safari ambaye jina lake limebaki ni Sidi Mubarak Bombay. Yeye alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi akiwa mtu huru. Alikwenda na Burton na Speke hadi Ujiji. Akaenda na Speke na Grant hadi Mto Nile. Akaenda na Stanley. Akaenda na Cameron, wakatoka Bagamoyo mwaka 1873 wakatokea pwani ya Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Alifariki mwaka 1885. Ikiwa sifa ya msafiri hupimwa kwa hatua za miguu, basi ni wachache wa zama zake waliomshinda.

Burton alipofika Ujiji alitarajia kuona mji na bandari, akaona vibanda vimetawanyika kando ya ziwa. Wengi wamelichukua neno lake kama ushahidi kwamba hapakuwa na kitu. Ushahidi huo ni wa mtu aliyezoea kuupima mji kwa kuta zake. Ujiji ulikuwa soko kabla ya kuwa mji, na soko halihitaji kuta. Lahitaji watu, bidhaa na fedha inayokubaliwa. Fedha ya Ujiji ilikuwa ushanga, hasa ule ulioitwa sofi, nao ulikubalika sokoni kama sarafu ikubalikavyo leo. Katika miaka iliyofuata wafanyabiashara wa pwani walijenga nyumba kubwa za udongo zenye baraza; Mwinyi Kheri akawa mkubwa wao, akafa mwaka 1885. Wajerumani waliweka boma lao Ujiji mwaka 1896. Reli ilipofika ziwani mwaka 1914 haikuishia Ujiji, ambako ufuko ni wa maji haba, bali Kigoma, penye ghuba ya kina. Nyumba za udongo zikaachwa zinyeshewe, na nyumba ya udongo ikinyeshewa bila ya mwenyewe kuikandika upya, hairudi kuwa gofu, hurudi kuwa ardhi.

Anayetaka kuelewa jinsi Ujiji ulivyoishi, heri asianze na njia ya pwani peke yake, bali apande kwanza Mwandiga. Mahali hapa pako juu ya Kigoma, nje kidogo ya mji, na hapo ndipo njia iendayo milimani hadi Manyovu na mpaka wa Burundi inapoachana na njia ya mjini. Mbele yake ni Buha, nchi ya vilima na mabonde. Nyuma yake ni ziwa. Mtu ashukaye kwa miguu kutoka Mwandiga hadi Ujiji hahesabu siku bali saa tu, na kwa sababu hiyo njia yake haikuandikwa katika vitabu vya wasafiri. Hata hivyo, pasipo njia za namna hiyo misafara isingaliweza kukaa Ujiji hata mwezi mmoja. Nafaka, mbuzi, ng'ombe na chumvi vilivyouzwa sokoni vilitoka bara ya ziwa, mikononi mwa Waha; samaki na mafuta ya mawese vilitoka ufukoni. Tena nchi ilikuwa na wenyewe. Bujiji ilikuwa mojawapo ya tawala za Waha, yenye mwami wake milimani na wakubwa wake wadogo ufukoni. Na mgeni aliyesahau jambo hilo alikumbushwa upesi, kama Burton alivyokumbushwa na Kannena, mkubwa wa Kawele. Kwa hiyo Ujiji haukuwa mwisho wa njia moja, bali makutano ya njia tatu: ya pwani, ya milima ya Buha, na ya maji kwenda Manyema.

Je, pana alama gani za mambo haya? Alama ya kwanza imo chini ya ardhi. Huko Uvinza, mahali Mto Ruchugi unapokaribia kuungana na Malagarasi, pana chemchemi za maji ya chumvi. J. E. G. Sutton na A. D. Roberts walichimba hapo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1968. Walikuta vigae vya vyungu na mabaki ya kazi ya kupika chumvi yanayoonyesha kwamba kazi hiyo ilianza yapata miaka 1,500 iliyopita. Basi wapagazi waliopita hapo katika karne ya 19 walipita juu ya biashara iliyokuwa kongwe kuliko misikiti ya mawe inayotazamwa leo huko Kilwa. Hakuna ukuta hapo. Pana majivu na vigae, na yatosha.

Alama ya pili ni miti. Miembe si mti wa asili wa ziwani. Ilikuja na watu wa pwani, na mahali ilipopandwa safu panaonyesha mahali watu walipokaa au walipopita. Mwembe ule ambao Livingstone na Stanley wasemekana kukutana chini yake umekwisha kufa, na miembe inayosimama karibu na mnara wa ukumbusho huhesabiwa kuwa uzao wake.

Alama ya tatu ndiyo inayowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, nayo ni maneno. Hongo, katika safari za karne ya 19, ilikuwa ushuru uliotolewa hadharani kwa mwenye nchi ili msafara upite kwa amani. Leo ni rushwa itolewayo kwa siri. Neno limebaki, adabu iliyolizunguka imeanguka. Posho ilikuwa kipimo cha chakula, au nguo na ushanga wa kununulia chakula, alichopewa mpagazi. Leo mjumbe wa mkutano hupokea posho bila ya kubeba kitu. Mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa ajili ya bega la mpagazi. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa, zinazokuja kwa meli katika marobota vile vile. Kirangozi alikuwa mtangulizi wa msafara, mwenye bendera na vazi lake la fahari, ambaye hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Pana pia neno ambalo Burton aliliandika tirikeza, na wengine terekeza, yaani kuondoka alasiri badala ya alfajiri, kulala mahali pasipo maji, ili kesho yake asubuhi maji yafikiwe kabla ya watu kuishiwa nguvu. Neno hili lina hesabu nzima ya jua, kiu na umbali ndani yake. Na ng'ambo ya ziwa, Kiswahili kilichoitwa Kingwana kwa jina la waungwana wa misafara kimekuwa mzizi wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Hakuna hekalu lililobeba watu wengi namna hiyo.

Tena maneno haya hatukuachiwa na wageni tu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, naye katika ujana wake alilivuka ziwa kutoka Ujiji. Maandiko yake yalichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na baadaye W. H. Whiteley akayatafsiri kwa Kiingereza chini ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Sleman bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara katika mkusanyo wa Carl Velten wa mwaka 1901. Wasimulizi hawa wanaeleza bei, hongo, njaa na vita kama watu waliokuwa na mali yao njiani, si kama watazamaji.

Hapana budi, hata hivyo, kusema wazi jambo moja, tusije tukaipamba njia hii kupita haki yake. Njia iliyopitisha pembe ilipitisha pia watumwa. Wengi walioletwa Ujiji kutoka Manyema hawakuja kwa hiari, na wazao wa Wamanyema wangali mjini. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyejiajiri na mtu aliyefungwa mnyororo walikanyaga vumbi moja. Mwanahistoria asiyetofautisha kati yao atawadhulumu wote wawili: wa kwanza kwa kumfanya mtumwa, wa pili kwa kumfanya msafiri.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni hatua njema. Lakini orodha hutaja vituo, na njia si vituo tu. Mgeni afikaye Ujiji leo huonyeshwa mnara wa Wazungu wawili waliokutana hapo, kisha huambiwa kwamba hapana zaidi. Mradi tutaendelea kutafuta mawe, jibu hilo litaonekana kuwa la kweli, na watu walioijenga njia kwa nyayo zao wataendelea kukosa mahali katika historia yao wenyewe.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya aina mbili. Wachimbaji watafute viwanja vya nyumba na masoko kando ya ziwa kabla ya majengo mapya kuvifunika. Nao wataalamu wa lugha wakusanye, kutoka Mwandiga hadi Ujiji na Uvinza, maneno ya Kiha, Kijiji, Kimanyema na Kiswahili yahusuyo mizigo, vivuko, vipimo, chumvi na kambi, pamoja na majina ya mahali. Kazi hii ya pili haihitaji vyombo vya gharama. Yahitaji daftari, subira, na wazee ambao hawatatungoja.